Kipokezi, Askari na Uvimbe: Tathmini ya Lugha Inayoeleza Maradhi ya Uso wa Jicho

Maandishi ya Kiswahili kuhusu kinga ya mwili yamezoea kuazima lugha ya vita. Vijidudu ni maadui, seli nyeupe za damu ni askari, na kipokezi kilicho juu ya seli ni kufuli linalosubiri ufunguo wake. Taswira hizo zimefundisha mengi, hasa katika elimu ya UKIMWI, na si haki kuzibeza. Zinapohamishiwa kwenye uso wa jicho, hata hivyo, hupotosha.

Konea, pamoja na utando laini unaofunika weupe wa jicho, huguswa kila siku na vumbi, moshi na bakteria bila jicho kuwa jekundu. Vipokezi vya jamii ya Toll vinaeleza sehemu ya utulivu huo. Utafiti juu ya vipokezi hivi, ulioanzia kwa nzi wa matunda na kuendelea kwa panya, uliwapatia Jules Hoffmann na Bruce Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. Katika konea, kipokezi cha Toll namba 5, ambacho hutambua protini ya mkia wa bakteria, hupatikana katika tabaka za ndani za seli za juu, si kwenye tabaka la nje kabisa. Bakteria anayeelea katika machozi hakifikii. Anayepenya penye mkwaruzo hukikuta. Kumbe kipokezi hakipokei tu, bali hupambanua, na mahali kilipowekwa ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Neno "kitambuzi" lingeikaribia zaidi maana hiyo, ingawa "kipokezi" limekwisha kuota mizizi na kuling'oa sasa kungeleta hasara kuliko faida. Lililobaki ni maelezo kufidia upungufu wa jina.

Upungufu wa neno "uvimbe" ni mkubwa zaidi. Celsus wa Roma alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kiswahili kimeichukua moja na kuipa jina la zote nne. Tena ni neno lile lile linalotumika kwa vinundu vya kizazi na vya saratani. Mama anayeambiwa kwamba jicho la mwanawe lina uvimbe hutazama, haoni kilichovimba, akaanza kuogopa kisichokuwapo.

Athari yake huonekana wazi katika mzio sugu wa macho unaowasumbua watoto wa shule nchini Rwanda, Uganda na Kenya. Kingamwili za aina ya E hukaa juu ya vipokezi vya seli za masti. Chavua au vumbi vinapoziunganisha, seli hizo humwaga histamini, nayo hushika vipokezi vyake katika mishipa ya damu na ncha za neva. Jicho huwasha na kuwa jekundu. Hiyo si habari yote, kwani seli T na eosinofili zina sehemu kubwa katika maradhi haya. Lakini adui wa kuuawa hayupo. Aliyefundishwa lugha ya askari na maadui hudai viuavijasumu. Visipomsaidia, huishia kwenye matone ya steroidi. Hayo hutuliza upesi, na yakitumika miezi mingi bila usimamizi huweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Mtoto huyo angeweza kupoteza uoni kwa dawa kuliko kwa ugonjwa.

Washauri wa sera wanaosimamia tafsiri za vijikaratasi vya dawa wana pa kuanzia. Badala ya "dawa ya kupunguza uvimbe", matone yanayozuia histamini yangeweza kuelezwa hivi: "Jicho la mtoto limekosea, likaichukulia chavua kama kitu cha hatari. Matone haya huziba mahali inaposhika kemikali inayowasha. Hayaui kijidudu chochote. Mtoto asifikiche macho, maana kufikicha huimwaga zaidi."