Tanki Moja la Dizeli: Umeme wa Coaster ya Kulala Pwani ya Bagamoyo

Coaster ikichoka kazi ya daladala bado ina maisha marefu mbele yake. Hugeuka gari la shule, gari la kwaya, gari la misiba, na siku hizi wapo wanaong'oa viti na kuweka vitanda. Gari lenyewe linafaa: lina urefu wa takriban mita saba, mtu wa kimo cha kawaida anaweza kusimama katikati, na injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, inajulikana katika kila gereji kati ya Mwenge na Tanga. Godoro, makabati na sinki havimsumbui seremala. Kazi hukwama kwenye umeme, hasa kwenye jenereta, kwa kuwa wengi huanza kwa kuuliza wanunue ya kVA ngapi, na hilo ndilo jambo la mwisho kuamuliwa.

Basi ninalolichambua hapa lilitengenezwa kwa kazi moja: kulala familia kati ya Bagamoyo, Saadani na Pangani, mahali ambapo mara nyingi hakuna nguzo ya TANESCO karibu. Tulichojifunza katika kulipangia umeme ni kwamba kiyoyozi ndicho kinachoamua ukubwa wa jenereta, na njia ya mafuta ndiyo inayoamua aina yake.

Kiyoyozi kwanza. Februari, mchana wa Bagamoyo unavuka nyuzi 32 kwa wepesi, na usiku joto halishuki mbali chini ya 25, tena hewa imejaa unyevu. Basi ni bati na vioo. Feni zinatosha miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, lakini wakati wa kaskazi mtoto mdogo hatalala. Kiyoyozi kidogo cha ukutani, cha BTU 9,000, kinakula takriban wati 800 kikiwa kazini. Hizo si nyingi. Tatizo ni sekunde ya kuwaka: kompresa ya kawaida huvuta mara tano au sita ya umeme inaotumia ikishatulia. Jenereta inayobeba wati 800 bila jasho inaweza kuzimika papo hapo kompresa inapogutuka, na hapo ndipo watu hukimbilia 5 kVA au 7 kVA ili tu kuivuka sekunde hiyo moja. Kiyoyozi cha aina ya inverta huanza polepole, kikipandisha mwendo kidogo kidogo, na chumba kikishapoa hushuka hadi wati 300 au 400. Bei yake ni kubwa zaidi dukani, lakini tofauti hiyo unailipia mara moja, wakati jenereta kubwa kupita kiasi inaidai kila siku kwa mafuta.

Vilivyobaki ni vidogo. Friji ya betri yenye kompresa hutumia karibu nusu uniti hadi zaidi kidogo kwa siku nzima. Feni mbili usiku kucha ni nusu uniti nyingine. Taa, simu, kompyuta na pampu ya maji, tuseme robo tatu ya uniti hata ukiwa mkarimu. Kupika na kuchemsha maji tuliviweka kwenye mtungi wa gesi moja kwa moja, maana birika la umeme la wati 2,000 ni mzigo unaotaka jenereta yake peke yake. Kiyoyozi usiku wa saa nane ndicho kikubwa: uniti tatu na nusu hivi. Jumla ni uniti tano na kidogo kwa siku ya joto kali, na zisizofika mbili kwa siku za kusi. Paneli za sola za wati 400 juu ya paa zinaweza kuleta uniti moja na nusu siku yenye jua zuri, kwa hiyo miezi ya kusi jenereta ni nadra kuguswa.

Sasa mafuta. Lita moja ya dizeli imebeba takriban uniti 10 za nishati. Petroli takriban 9. Jenereta ndogo haiwezi kuzitoa zote: dizeli ndogo ikibebeshwa mzigo wa kutosha inakupa uniti moja kwa karibu lita 0.4, petroli kwa karibu lita 0.6. Hiyo ya petroli si ya kukisia. Honda EU22i, inverta ya petroli yenye sifa nzuri kuliko nyingi, ina tanki la lita 3.6 na kwa vipimo vya watengenezaji wake humaliza tanki hilo kwa saa tatu na robo hivi ikitoa wati 1,800. Ukigawanya unapata lita 0.6 na ushee kwa uniti.

Nisiidharau mashine hiyo. Ina uzito wa kilo 21 hivi, mtu mmoja anaishusha, haipigi kelele za kukera, na umeme wake ni safi kwa kompyuta. Anayelala Bagamoyo mjini au Mbegani, kituo cha mafuta kikiwa karibu, ainunue na habari iishe. Lakini ukivuka Makurunge kuelekea Saadani na Mkwaja mambo yanabadilika. Vituo vya mafuta vinakuwa haba, na petroli italazimika kusafiri nawe kwenye dumu, ndani ya gari wanamolala watu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Dizeli mpaka ipite nyuzi 55 hivi. Taifa hili lililia Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na kuwaka, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Dumu la lita 20 chini ya kitanda cha mtoto sikuwa tayari kulikubali, hata liwe na kifuniko gani.

Dizeli, kwa upande mwingine, tayari ipo. Tanki la Coaster hubeba takriban lita 95. Siku nne za joto kali, kwa hesabu nitakayoionyesha, hazimalizi hata lita kumi za jenereta. Hakuna dumu, hakuna mafuta ya aina ya pili, na kila unapojaza kwa ajili ya safari unajaza pia kwa ajili ya umeme. Bei haikuwa kigezo: bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, mdhibiti wa nishati, wakati mwingine huiweka dizeli juu ya petroli, wakati mwingine chini.

Gharama ya uamuzi huo ni uzito na ukubwa. Dizeli ndogo zenye kabati la kuzuia kelele, unazozikuta maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, nyingi huanzia 5 kVA, na huzidi kilo 100 kwa urahisi. Kwenye kibati 5 kVA mara nyingi humaanisha kilowati 4 za kazi. Tahadhari kwa wanaowinda za mtumba kutoka Japani: nyingi hutoa volti 100, kwa kuwa ndio umeme wa huko. Soma kibati kabla ya kuuliza bei.

Hapa ndipo makosa mengi ya dizeli yanapofanyika. Injini ya dizeli haipendi kukaa bila kazi. Ukiiacha usiku kucha ikisukuma kiyoyozi cha wati 400, yaani sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, chumba cha mwako hakipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi na mafuta mabichi vinajikusanya kwenye eksozi, oili inachafuka, na kuta za silinda zinang'aa mpaka ringi zinashindwa kuziba. Mashine inaanza kula oili ingali mpya. Na bado haikuokolei mafuta: ikinguruma karibu bure hunywa nusu lita kwa saa.

Kwa hiyo jenereta haikuunganishwa na kiyoyozi kabisa. Iliunganishwa na chaja. Betri ya lithiamu ya volti 24 na Ah 200 inahifadhi uniti tano. Jioni jenereta inawashwa kwa saa mbili, chaja inavuta zaidi kidogo ya kilowati mbili, injini inafanya kazi kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, inapata joto, kisha inazimwa. Saa mbili hizo ni takriban lita 1.8. Kuingurumisha usiku kucha kwa kiyoyozi kilekile kungekula zaidi ya lita nne, na majirani wangekesha. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo pekee Tanzania Bara inayogusana na bahari. Kuwasha injini usiku wa manane mahali pale ni kuharibu kile ulichokwenda kukitafuta.

Namna ya kuyafikisha mafuta kwenye jenereta ilituchukulia muda kuliko kingine chochote, na naiona ndiyo sehemu inayostahili kuigwa. Jenereta hizi huja na tanki lake la lita 12 au zaidi, limekaa juu ya injini, mafuta yakishuka yenyewe. Fundi akiliona ndani ya basi hutaka kuling'oa aunganishe bomba moja kwa moja na tanki kubwa. Lakini tanki la basi liko chini, ubavuni mwa chesisi. Ukiunganisha moja kwa moja unahitaji pampu ifanye kazi muda wote, unahitaji bomba la kurudisha mafuta yanayobaki kwenye nozeli, na hewa ikipenya popote injini inazimika na lazima ulale chini ya gari kuitoa. Tuliliacha tanki dogo mahali pake. Pampu ndogo ya volti 24 inavuta kutoka tanki la basi, inapitisha kwenye chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji, inajaza tanki dogo. Swichi yake ni ya kubonyeza: ukiondoa kidole pampu inasimama, hivyo hakuna atakayeisahau mpaka dizeli imwagike. Tanki dogo lina alama za lita, kwa hiyo kila jioni unaona ulichotumia.

Bomba la kuvutia ndani ya tanki la basi lilikatwa fupi. Limeishia juu kiasi kwamba lita 25 za chini haziwezi kuchotwa na jenereta hata ukibonyeza mpaka asubuhi. Desturi hii ni ya zamani Marekani, ambako kampuni ya Onan, iliyoanzishwa Minneapolis mwaka 1920 na sasa iko chini ya Cummins, imekuwa ikiuza jenereta za magari ya kulala kwa miongo mingi: jenereta huzimika tanki likibaki takriban robo. Kwa Coaster inayokwenda kilomita sita kwa lita, lita 25 ni kilomita 150, zinazotosha kurudi Bagamoyo kutoka Saadani hata barabara ikiwa mbaya.

Kikombe cha maji hakikuwekwa kwa urembo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na tanki lililo nusu tupu hupumua hewa hiyo kila joto linapopanda na kushuka. Maji hufanya matone kwenye kuta zake, yanakaa chini, vijidudu vinamea pale dizeli inapokutana na maji. Basi likiegeshwa wiki kadhaa, bora liegeshwe limejaa. Halafu kuna uchakachuaji. EWURA walianza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hali imekuwa bora sana kuliko zamani. Hata hivyo dizeli inayouzwa kwenye chupa kando ya njia hakuna aliyeipima, na mafuta ya taa yakiwemo hukausha ulainisho wa pampu na nozeli. 1HZ ni mvumilivu. Injini ya jenereta, ya silinda moja, haina uvumilivu huo.

Jambo jingine linalopita machoni pa wengi ni volti. Coaster hizi zina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, wakati starta ya jenereta ni ya volti 12. Mkato wa njia ni kuchukua 12 kutoka betri moja ya basi. Betri hiyo itakuwa inatolewa umeme peke yake na alteneta haitaijaza sawasawa na mwenzake. Baada ya miezi kadhaa, moja imekufa na nyingine imechemka. Jenereta ipewe betri yake yenyewe. Na kama basi litachomekwa TANESCO kambini, chenjiova iwepo, ili vyanzo viwili visikutane kamwe kwenye waya mmoja.

Jenereta ilikaa nyuma ya ekseli, upande wa kulia, juu ya raba za kuzuia mtetemo. Upande wa kulia kwa sababu mlango wa abiria kwetu uko kushoto. Kabati lake lilihitaji matundu makubwa kuliko fundi alivyotaka kukata: mashine inayokula lita 0.9 kwa saa inaingiza kilowati 9 za nishati, inatoa mbili na kitu kama umeme, na karibu saba zote zilizobaki ni joto. Hewa iingie upande mmoja kutoka chini na itokee upande mwingine. Matundu yakiwa jirani, injini inavuta joto lake yenyewe.

Eksozi ndiyo iliyotufanya tubishane. Mchana upepo wa bahari unavuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo ukiegesha mlango ukitazama maji na eksozi ikitazama bara, moshi unakwenda zake. Usiku upepo hugeuka: nchi kavu ikishapoa, hewa huteremka kuelekea baharini, na moshi uleule unarudi kupitia madirisha. Ratiba ya kuwasha kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni inauwahi mgeuko huo, lakini haimzuii jirani wa kambi kuwasha ya kwake saa sita. Kengele ya kaboni monoksidi tuliifunga ukutani usawa wa mto wa kulalia, kwa sababu uzito wa gesi hiyo unakaribiana na wa hewa na huchanganyika chumba kizima. Kengele ya gesi ya kupikia, ambayo ni nzito na hutambaa sakafuni, ikafungwa chini, kando ya mtungi.