Pongezi kwa Wasafishaji wa Moshi
Mji wa Moshi, uliojipatia sifa Tanzania nzima kwa kushinda mara kwa mara mashindano ya usafi, hauna budi kuwashukuru, mbali na Manispaa na faini zake kwa watupao taka ovyo, wale jamaa wa nyumba moja, mume, mke na wana, walioanza na ndoo, ufagio na sabuni ya mche, wakideki duka moja kabla ya alfajiri, kisha ofisi, hatimaye nyumba za wageni walalamo wapandao Kilimanjaro. Vumbi la kiangazi ni adha. Tope la masika, adha maradufu! Nao, kwa ustahimilivu na uaminifu, hukabidhiwa funguo za watu. Na kwa amana nzito kiasi hicho, ujira wao, kwa rai yangu, ungali haba mno.