Kusi, Dagaa na Neno "Tabianchi": Uhakiki wa Nathari ya Ziwa la Tanganyika

Nathari ya Kiswahili iliyoandikwa juu ya kupungua kwa samaki katika ziwa la Tanganyika si haba, na sehemu yake kubwa ina kasoro moja: humwambia msomaji kuwa jambo limetokea, wala haimwelezi namna lilivyotokea. Mwandishi hutaja mabadiliko ya tabianchi, kisha huandika kwamba hayo "yameathiri" samaki, akaridhika kuwa kazi imekwisha. Msomaji wa Kigoma, ambaye huliona ziwa kila asubuhi, huachiwa kitendo kisicho na mtendaji.

Neno lenyewe lina sehemu yake katika kosa hilo. Limeundwa kwa tabia na nchi, na mtu aliye chomboni aitajapo nchi huwa ataja mahali pa kukanyaga. Kwa mvua na ukame wa mashamba neno lafaa. Likipelekwa majini, fikira za msomaji hubaki juu mawinguni, ilhali mambo mazito yako chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani kote lapitwa na Baikal peke yake. Maji ya juu yana joto na hewa. Kupita mita 100 hadi 200 hivi hewa ya kuwafaa samaki hakuna, lakini humo ndimo ilimolala rutuba iliyotokana na viumbe vilivyokufa vikazama. Kusi ivumapo, tangu Mei hata Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi ya chini hupanda pamoja na rutuba yake. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho husitawi, vijidudu huila, dagaa huvila vijidudu, na migebuka huwala dagaa. Basi maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi zaidi, yakatuama juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ukashindwa kuyakoroga.

Kupanda, kuzama, kukoroga, kutuama: vitenzi vyote hivyo ni vya zamani, na hakuna istilahi iliyohitaji kubuniwa. Udhaifu wa nathari hii, kwa hiyo, hauwezi kusingiziwa uchache wa maneno. Ni mazoea ya kupenda jina mahali pa kitenzi.

Mazoea hayo yamewapotosha waandishi hata katika kusimulia utafiti. Mwaka 2003 C. M. O'Reilly na wenzake walitoa makala katika Nature, na Piet Verburg, Hecky na Kling wakatoa yao katika Science, zote mbili zikieleza kuwa joto limepunguza mchanganyiko wa maji. O'Reilly na wenzake, kwa kuchunguza matope ya chini ya ziwa, walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea ya majini umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kutoka hapo wakakisia kuwa mavuno ya samaki yangeshuka kwa asilimia 30 hivi. Tarakimu hii ya pili ni ya kukisia kwa hoja. Si hesabu ya samaki waliopimwa forodhani. Kuiandika kana kwamba samaki wamehesabiwa ni kubadili maana yake. Tena mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walipinga, wakisema kuwa takwimu za uvuvi huonyesha zaidi mabadiliko ya namna ya kuvua. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walirudi kwenye matope, wakaona kuwa mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa katikati ya karne ya 20. Ushahidi huo ni mzito, ila hauwatoi wavuvi hatiani. Wasema tu kwamba hawakuwa wa kwanza. Anayeutumia kuwasafisha wavuvi akosa sawasawa na yule awatwikaye mzigo wote.

Jina la samaki nalo lataka uangalifu. Dagaa wa Kigoma ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao ni jamaa wa samaki wa baharini. Dagaa wa ziwa la Viktoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Mwandishi achukuaye habari za Mwanza akazileta Kigoma kwa sababu neno ni moja, amedanganywa na neno.

Kuhusu kimo cha maji, kosa ni jepesi kufanyika. Mahali pa Ujiji ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 sasa pako mbali na maji, na ni rahisi kudhani kuwa hiyo ni kazi ya joto la siku hizi. Sivyo. Ziwa lilijaa likafurika kwa mto Lukuga mnamo 1878, likashuka mita zipatazo 10 katika miaka iliyofuata. Kadhalika mafuriko ya Bujumbura ya mwaka 2024 hayakuwa dalili ya heri kwa dagaa: wingi wa maji si wingi wa rutuba.

Udongo ndio uliosahauliwa kuliko vyote. Vilima vya nje ya hifadhi ya Gombe vimekatwa miti, na mvua huteremsha udongo hadi kwenye mawe ya ukingoni, ambako samaki wengi wasiopatikana penginepo popote hukwangua chakula chao. Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kuwa aina za viumbe ni chache zaidi penye tope jingi. Hapo mtendaji aonekana kwa macho, na bado nathari husema "mazingira yameharibika".

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne za ziwa. Miezi hiyo imo ndani ya majira ya kusi. Aliyeandika kwamba ziwa lafungwa ili samaki wazaliane ameandika kweli, lakini ameuacha upepo nje. Utakuja mwaka ambao mitumbwi itapumzika na karabai zitazimwa, kusi ivume kwa unyonge, na dagaa wawe wachache vile vile. Na mvuvi aliyeambiwa nusu ya habari atasema kuwa alidanganywa.