Simu Janja na Kitochi: Nani Aanze Kubadili?



Liko swali ambalo siku hizi laulizwa katika nyumba nyingi za pwani yetu, na hapa Kilwa Kisiwani nalo limefika barazani: je, si bora mtu aiuze simu yake janja, arudi kwenye kitochi? Wanaouliza si wapuuzi. Ni baba amwonaye mwanawe akishika simu kabla ya kushika udhu. Ni mke amsemeshaye mumewe, akajibiwa "ehe" mara tatu, kisha akaulizwa, "Umesema nini?" Ni mwalimu wa chuo anayemrudisha mtoto katika sura ambazo mwaka jana alikwisha kuzihifadhi.

Shauri hili lastahili kupimwa, wala si kuchekwa. Rai yetu twaisema mapema: kubadili simu ni dawa njema kwa baadhi ya watu. Lakini wengi wetu twamwandikia mwingine dawa hiyo, na wagonjwa ni sisi wenyewe.

Kwanza, tusiseme kwamba kila kilichotoka mbali ni kibaya. Maneno hayo yakisemwa hapa Kisiwani, mawe yenyewe yatayakanusha. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wa Waislamu, na Sultani wake Hasan bin Sulaiman akisifiwa kwa ukarimu. Vyombo vya China vilitumika hapa, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa mji huu. Magofu waliyotuachia yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Wazee hao hawakuogopa bidhaa za ng'ambo. Lakini hawakuliacha kila jahazi lishushe litakacho. Wareno waliouteka mji mwaka 1505 waliandika habari za ushuru ambao Sultani alikuwa akiwatoza wafanya biashara. Bidhaa iliingia kwa kujulikana: ni ya nani, ni kiasi gani, na inakwenda wapi. Leo kitu kimoja chenye ukubwa wa kiganja kinashusha shehena yake ndani ya chandarua cha mtoto, na mwenye nyumba hajui kilichoshushwa.

Pili, tufahamu tofauti ya vyombo hivi viwili. Kitochi kimepewa jina hilo kwa sababu ya tochi yake. Chapiga simu, chapeleka ujumbe, na vingi vina redio. Wako wasemao, "Nikirudi kwenye kitochi nitatumaje pesa?" Hoja hiyo haina nguvu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo mtu aweza kuitumia kwa kubonyeza nyota na namba, bila intaneti. Malipo ya Serikali yenye namba ya malipo nayo hulipwa kwa njia hiyo hiyo. Mvuvi aulizaye bei ya samaki Masoko, na mgonjwa aitiwaye mashua usiku, kitochi chawatosha.

Simu janja ina jambo ambalo kitochi hakina: yaliyomo ndani yake hayana mwisho. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na kaseti ya mawaidha ilikuwa na upande wa pili kisha ikakoma. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa ambao kila ukiusukuma kwa kidole huleta mengine, hauishi. Baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Makampuni mengi hayatutozi kitu kwa kutazama, kwa kuwa wanachouza ni muda wa macho yetu, na wanunuzi ni wenye matangazo. Kadiri ukaavyo ndivyo wapatavyo. Basi kijana ashindwaye kuiweka chini simu si mvivu tu. Yuko mwenye kufanya biashara ya kumzuia asiiweke.

Hata habari za uongo, kasi yake iliwatisha wenye chombo wenyewe. WhatsApp iliweka mwaka 2019 mpaka wa kupeleka ujumbe mmoja kwa watu au makundi matano tu kwa mara moja. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ujumbe uliokwisha kuzungushwa mara nyingi ukazuiwa usipelekwe ila mahali pamoja kwa mara. Nasi tulikwisha kuamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Ni ajabu kwamba mwenye kiwanda aliona haja ya breki, na sisi wenye aya twaendelea kusukuma.

Tatu, haki itupasa tuutazame na upande wa pili. Kitochi hakimfanyi mtu kuwa mchamungu. Ghiba husemwa kwa mdomo, na fitina ilivunja nyumba kabla simu haijajulikana. Tena ziko haja za kweli. Kijana aombaye mkopo wa chuo kikuu hujaza maombi yake kwa intaneti. Anayekwenda Madina akitaka kuingia Rawdha hutakiwa kupata kibali kwa programu ya Nusuk. Mama aliye Kisiwani, mwenye mwana Muscat, aweza kuuona uso wa mjukuu ambaye hajambeba, na huko ni kuunga udugu. Mwenye kusema simu hizi zote zitupwe baharini hajawafikiria watu hawa.

Wanazuoni wa fiqhi wametupa mizani miwili. Wa kwanza ni kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Wa pili ni kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Maombi ya mkopo huchukua siku chache. Hayahalalishi mwaka mzima wa kukesha. Kuzungumza na mjukuu ni nusu saa ya Ijumaa, nayo haiwi hoja ya kulala na simu chini ya mto.

Sasa tufike kwenye kasoro kubwa ya shauri hili, nayo ni mtoaji wake. Mara nyingi baba husema, "Kuanzia leo mke wangu na watoto ni kitochi," na huku yake janja i mfukoni, yalia kila dakika. Akiulizwa husema, "Mimi ni kwa ajili ya kazi." Kazi gani, ndugu yangu, ya saa sita za usiku? Mwanamke auzaye maandazi na kupokea maagizo kwa simu hunyang'anywa chombo cha riziki yake, na mwanamume atazamaye mpira na mizaha ya watu asiowajua huachiwa. Huo si uongozi wa nyumba, ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Tena mtoto aona. Hujifunza kwamba simu si kitu cha madhara, bali ni starehe ya wakubwa, na husubiri zamu yake.

Basi tuanze hivi. Kabla ya kuamua kuuza, mwenye nyumba ajipime yeye kwanza, kwa juma moja. Aandike: sala ngapi nimezichelewesha kwa sababu ya simu? Bando na vocha zimekula shilingi ngapi? Mara ngapi mke au mtoto amesema nami nisimsikie? Na lipi katika niliyoyatenda lisingewezekana kwa kitochi? Akikuta la mwisho ni tupu, na hayo matatu yamejaa, abadili yeye kwanza, kimya kimya, pasi na hotuba. Watoto watauliza wenyewe.

Akikuta haja ni ya kweli, haimlazimu kuuza, bali atie mpaka. Suratun Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata mtoto mdogo wa nyumba hufundishwa kupiga hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya sala ya isha. Ikiwa mtoto wako wa kumzaa apiga hodi nyakati hizo, itakuwaje mgeni usiyemjua apite mpaka kitandani? Simu janja ya nyumba ichajiwe ukumbini, na nyakati hizo tatu isivuke mlango wa chumba. Kwa dharura ya usiku, kitochi kitoshe. Na sharti hili limpate baba kama limpatavyo mtoto.

Ama yule aliyejaribu mipaka hii, akaivunja mara kwa mara, na sala zake na riziki yake zapotea, basi aiuze, wala asione haya. Kuuziba mlango wa ufisadi ni katika dini. Lakini ajihadhari na jambo moja ambalo wengi hulisahau: simu hiyo ina picha za watu wa nyumbani kwake, na siri za waliomwandikia. Hizo ni amana. Kufuta picha moja moja hakutoshi. Ahifadhi kwanza anachokihitaji, kisha fundi amrudishie simu ilivyotoka kiwandani ndipo aikabidhi, na laini yake aitoe. Wako waliouza simu kwa kutaka kujiepusha na dhambi, wakawauzia wageni sitara za dada zao.

Msomaji mpenzi, usiku huu baada ya isha usimtazame mwanao ameshika nini. Tazama mkono wako.

Wabillahi tawfiq.