Kusadikika kwa Sauti: Riwaya ya Shaaban Robert Darasani Uvira

Aghalabu Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, huhakikiwa kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Uhakiki wa namna hiyo humchukulia msomaji kuwa mtu mmoja aliyeketi kimya na kitabu chake. Katika makala haya tunakusudia kuitazama riwaya hiyo inaposomwa kwa sauti na darasa zima, kwa zamu, katika mji wa Uvira. Maoni yetu ni kwamba usomaji huo hudhihirisha umbo la kazi hii, na wakati huohuo humtahini mwalimu anayeusimamia.

Kisa chenyewe ni kesi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, wakarejea na kutiwa gerezani. Msomaji wa kimya huweza kulalamika kwamba visa hivyo vinafanana mno, na lalamiko hilo lina haki yake. Lakini kwa msikilizaji marudio hayo hufanya kazi ya kiitikio katika hadithi. Afikapo mjumbe wa tatu, darasa linaujua mwisho kabla haujasomwa, na kuujua huko ndiko kunakolitia uchungu. Wanafunzi wanaosikiliza hujikuta wamekalia nafasi ya baraza: nao hawana budi kuhukumu.

Kiswahili kilifika pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji. Kilitangulia kuwa lugha ya kinywa kabla ya kuwa lugha ya kitabu, kikaishi pamoja na Kivira, Kifuliiru na Kibembe, na baadaye Kifaransa cha shule. Kwa hiyo mwanafunzi wa Uvira asomapo, Fadhili huelekea kuwa Fazili, Ridhaa huwa Riza, na mtu huwa mutu. Akiombwa kusimulia upya alichosoma, watu huwa batu. Je, mwalimu amkatize?

Mwalimu anayesahihisha kila silabi huugeuza utetezi wa Karama kuwa zoezi la matamshi. Hoja hukatika katikati, na mwanafunzi hujifunza kwamba Kiswahili cha kwao hakistahili kusikika mbele ya watu. Bila ya kukusudia, mwalimu huyo ameshika nafasi ya Majivuno. Hii haina maana kwamba Kiswahili sanifu kipuuzwe, kwani ndicho kitakachomfungulia mwanafunzi huyo vitabu vingine vya Afrika Mashariki. Kifundishwe, lakini baada ya sura kwisha kusomwa.

Kwa hakika kizuizi kikubwa zaidi si matamshi bali ni majina. Majivuno hujieleza lenyewe. Lakini Buruhani, yaani uthibitisho, Kabuli, yaani kukubali, na Auni, yaani msaada, ni maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo ni adimu katika mazungumzo ya bara. Asiyeyafahamu huyasikia kama majina matupu, na sehemu kubwa ya fumbo humpotea. Yafaa basi yaelezwe kabla ya kusoma, ili darasa litambue kwamba nchi hii imeufunga gerezani uthibitisho wenyewe, pamoja na msaada iliokuwa ikiuhitaji.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha hizo nafasi ya kufundishia na ya kuwa somo. Nafasi hiyo itakuwa na maana pale mwanafunzi atakaporuhusiwa kusoma ukurasa mzima wa riwaya kwa sauti yake mwenyewe. Karama aliokoka kwa sababu baraza, pamoja na chuki ya mshtaki wake, lilimsikiliza hadi mwisho. Darasa la Uvira linastahili kumsikiliza msomaji wake vivyo hivyo.