Kitoweo cha Njozi: Njaa na Kicheko katika "Pane, amore e fantasia"

Katika filamu ya Luigi Comencini iitwayo Pane, amore e fantasia, ya mwaka 1953, mna tukio fupi sana ambalo ndilo linaloyapa maana maneno matatu ya jina lake: mkate, mapenzi na njozi. Mkuu mpya wa kituo cha carabinieri, Antonio Carotenuto, anamkuta mwanakijiji akila mkate. Anamuuliza anakula nini. Anajibiwa kuwa ni mkate. Anamuuliza ndani yake ametia nini. Anajibiwa, kwa heshima zote anazostahili afande, kuwa ametia njozi. Mtazamaji anacheka na hadithi inasonga mbele.

Kiswahili kina neno moja linalolifungua jibu hilo kuliko maelezo marefu, nalo ni kitoweo. Mkate mtupu ni chakula kisicho na mwenzake. Mwanakijiji yule halalamiki kuwa hana kitoweo. Anakitaja, na kwa kukitaja anamwonyesha afisa kuwa swali lake ni la mtu aliyeshiba. Ni mzaha na ni shutuma kwa wakati mmoja. Suala ambalo filamu hii imewaachia wahakiki kwa miaka zaidi ya 70 ni lipi kati ya hayo mawili linalobaki baada ya kicheko kwisha.

Shitaka dhidi ya filamu linafahamika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sinema ya Italia ilijijengea heshima kwa mkondo wa uhalisia mpya: Roma città aperta ya Roberto Rossellini mwaka 1945, Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica mwaka 1948, kisha Umberto D. ya De Sica huyohuyo mwaka 1952. Hizi zilikuwa filamu za mitaani, za watu waliopoteza kazi, baiskeli na matumaini. Serikali haikupendezwa. Mwaka 1952 Giulio Andreotti, aliyekuwa na dhamana ya masuala ya sinema serikalini, alimkosoa De Sica hadharani kwa sura ya Italia aliyoionyesha katika Umberto D. Mwaka uliofuata ikaja filamu ya Comencini, yenye umaskini uleule lakini ukiwa umevalishwa tabasamu. Wahakiki wakaupa mkondo huu jina la uhalisia mpya wa rangi ya waridi, na jina hilo halikuwa sifa. Maana yake ni kwamba jeraha lilikuwa limepakwa rangi.

Kinachozidisha uzito wa shitaka hilo ni kwamba mwigizaji wa Carotenuto ni De Sica mwenyewe. Mtu aliyemwongoza mzee Umberto katika fedheha ya kunyoosha mkono kuomba sasa anatembea kijijini kwa sare iliyonyooshwa, mvi zimechanwa vizuri, akitafuta mwanamke wa kumliwaza. Ni rahisi kuona hapa msanii aliyesalimu amri. Lakini anachokifanya De Sica ndani ya sare hiyo si kuitukuza. Carotenuto wake ni mwanamume wa makamo anayejiona kijana, mwenye sauti ya mahaba na macho ya kuibia, ambaye kila mlango anaoupita una jicho la jirani nyuma yake. Hata nyumbani kwake hana uhuru: mtumishi wake mzee, Caramella, aliyeigizwa na Tina Pica, anamchunga kama shangazi mkali. Dola imeletwa kijijini, na kijiji kinaichungulia dirishani.

Kijiji chenyewe, Sagliena, ni cha kubuni, lakini mawe yake ni ya kweli. Filamu ilipigwa Castel San Pietro Romano, juu ya mlima unaotazama mji wa Palestrina, mashariki ya Roma. Comencini hakujenga mandhari ya kupendeza studioni. Njia zinazopanda kwa ngazi, kuta zilizobomoka, kuku na punda mbele ya nyumba, vyote vimo. Hapo utetezi wa kwanza wa filamu unapata nguvu: inacheka, ila haifichi.

Mtihani mkubwa zaidi ni Maria, aliyeigizwa na Gina Lollobrigida, ambaye kijiji kimempa jina la Bersagliera kwa ujasiri na wepesi wake. Ni fukara, mali yake inayoonekana ni punda na ulimi. Moyo wake uko kwa Stelluti, askari kijana mwenye haya aliyetoka kaskazini, lakini anayemtamani ni mkubwa wa askari huyo. Waswahili husema ng'ombe wa maskini hazai, na Maria anaujua ukweli huo bila kuambiwa: watu wanauona urembo wake kama kosa, na ufukara wake kama ushahidi. Baada ya ugomvi anajikuta mahabusu, mikononi mwa mtu yuleyule anayemwinda.

Hapa filamu ina doa, na si haki kulifunika. Msichana aliyefungiwa na afisa anayemtaka si jambo la kuchekesha, na Comencini analipitisha kwa wepesi uliopita kiasi. Hata hivyo, msuko wenyewe unakataa kumpa afisa ushindi. Anachokivuna ni habari kwamba anayependwa ni kijana aliye chini ya amri yake. Sare imeweza kufungua mlango wa seli na kuufunga. Moyo haukuwa na mlango wa aina hiyo. Aibu inamrudia mwenye ufunguo.

Tukio la noti linaendeleza fikra hiyo. Carotenuto anaacha fedha kwa siri nyumbani kwa akina Maria, na mama yake anapoziona anaamini kuwa ni muujiza wa Mtakatifu Antonio. Kijiji kizima kinashikwa na msisimko. Mtazamaji mwenye haraka atacheka ujinga wa wanakijiji. Mtazamaji makini atajiuliza: ni nyumba ya namna gani ambamo noti moja haiwezi kuwa na maelezo mengine isipokuwa mbingu? Mama yule hakukosea hesabu. Katika maisha yake yote, binadamu hajawahi kuingia kwake na kuacha kitu. Wameingia kuchukua tu. Kuwa mtoaji anaitwa Antonio kama mtakatifu ni kejeli ya mwandishi wa hadithi, Ettore Margadonna, na ni kejeli inayouma.

Ila aliyeibeba dhamira ya filamu kwa utulivu kuliko wote ni Annarella, mkunga, aliyeigizwa na Marisa Merlini. Kijiji kinamwita usiku na mchana kupokea watoto wa wengine, huku yeye ana mwana aliyemzaa nje ya ndoa, anayeishi Roma, mbali na macho ya wambea. Anapokiri siri hiyo mbele ya Carotenuto, kichekesho kinasimama. Mwanamume aliyezoea kusaka starehe anatakiwa kwa mara ya kwanza kutoa kitu chake: jina lake, na heshima ya cheo chake. Anakubali, na usiku wa sikukuu wanajitokeza pamoja mbele ya kijiji chini ya fataki. Waswahili wana neno sitara, lenye maana ya kumfunika mtu aibu yake. Carotenuto anamsitiri Annarella kwa kutoka naye hadharani, na kwa kitendo hicho umbea unakosa chakula.

Filamu ilipata Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 1954 na kuzaa filamu nyingine za kuifuata. Ile ya mwaka 1955, Pane, amore e..., iliyoongozwa na Dino Risi, ilihamia Sorrento, ikawa ya rangi, na Sophia Loren akachukua nafasi ya Lollobrigida. Neno la tatu la jina likaachwa, pakabaki nukta tatu. Huenda huo ndio utetezi bora wa filamu ya kwanza. Penye bahari ya buluu na meza zilizojaa, njozi haihitajiki tena kama kitoweo; inakuwa pambo. Shitaka la rangi ya waridi linawafaa zaidi warithi kuliko mzazi.

Sagliena ni mahali pengine. Kule mtu anauma mkate mkavu, anamtazama afande usoni, na anakataa kuonewa huruma. Umberto D. ilimfanya mtazamaji amlilie maskini. Filamu ya Comencini inamwacha maskini amcheke mtazamaji kidogo. Hizo ni njia mbili za kusema kwamba mkate peke yake hautoshi, na ya pili si lazima iwe ya uongo kwa sababu tu imesemwa kwa tabasamu.