Sauti Bila Mwili, Mwili Bila Jina: Uhakiki wa Ufufuaji wa Nyimbo za Zamani katika Video za Mtandaoni kwa Mtazamo wa Gorong'a, Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, na hasa baada ya simu janja kuenea vijijini, nyimbo za zamani za Tanzania zimepata makazi mapya. Rekodi ambazo kwa miaka mingi zilisikika tu katika vipindi maalumu vya redio sasa zinapatikana saa yoyote, na msikilizaji anaweza kumtumia ndugu yake aliye mbali wimbo wa mwaka 1972 kwa kubonyeza mara moja. Hali hii imesifiwa kuwa ni ufufuo wa urithi. Tafiti kuhusu muziki wa Tanzania, zikiwamo za Askew (2002) na Perullo (2011), zimeeleza kwa kina nafasi ya dola, redio na soko katika kuujenga muziki huo. Swali la kihakiki linalobaki ni hili: video hizo zinafufua nini hasa, na zinaacha nini?

Sehemu hii inalijadili swali hilo kwa kulitazama kutoka Gorong'a, eneo lililo katika wilaya ya Tarime. Msikilizaji wa huko ni mrithi wa hazina mbili. Ya kwanza ni muziki wa dansi ulioimbwa kwa Kiswahili na kumfikia kwa redio. Ya pili ni muziki wa ritungu, ala ya nyuzi nane ya Wakuria, ulioimbwa kwa Kikuria na kumfikia uso kwa uso. Hoja inayojengwa ni kwamba video za mtandaoni zimezitendea hazina hizi mbili kwa namna zinazopingana. Muziki wa dansi umerudi ukiwa na jina na tarehe lakini hauna mwili wa msanii. Ritungu limerudi likiwa na mwili lakini halina jina wala tarehe. Tofauti hiyo haikuzaliwa mtandaoni. Mtandao umeirithi kutoka katika taasisi zilizoutangulia, na usipohakikiwa utaifanya kuwa ya kudumu.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Uhakiki huu unaegemea mtazamo wa Mulokozi (1989), anayeiona fasihi simulizi kuwa tukio. Kwa mtazamo huo, maneno peke yake si kazi kamili. Kazi hutimia pale fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati vinapokutana. Nyimbo ni sehemu ya fasihi hiyo, kwa hiyo video inayodai kuufufua wimbo inaweza kupimwa kwa vipengele hivyo sita. Kipimo hiki kina faida mbili. Kwanza, hakimlazimishi mhakiki kuchagua kati ya kuusifu mtandao na kuulaumu. Pili, kinamwezesha kusema kwa uwazi ni kipengele gani kimeokolewa na ni kipi kimepotea.

3.0 Zilipendwa: Sauti Bila Mwili

Urithi wa muziki wa dansi ni, kwa sehemu kubwa, urithi wa studio ya redio. Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1965 ukajulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda chake cha kuchapa sahani za santuri. Bendi zilirekodi katika studio za redio hiyo ili nyimbo zirushwe hewani, na zilizotaka sahani zilivuka kwenda Nairobi. Matokeo yake ni kwamba nakala za redio zikawa ndiyo kumbukumbu kuu ya muziki wa taifa.

Kumbukumbu hiyo ni ya sauti tu. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944, aliyepigia Morogoro Jazz na baadaye kuunda Super Volcano, alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Alikufa miaka kumi na mitano kabla ya televisheni kufika Bara. Kwa sababu hiyo, zinazoitwa video za Mbaraka kwa kawaida si picha zake akipiga gitaa. Ni sauti iliyowekewa picha mnato: sura yake mwenyewe, jalada la santuri, au mandhari isiyohusiana na wimbo. Anayeutafuta wimbo "Shida" hupata sauti timilifu na mwili uliosimama.

Kwa kipimo cha Mulokozi, hasara ni kubwa. Ukumbi haupo, wachezaji hawapo, na hadhira iliyokuwa ikiurefusha au kuufupisha wimbo haipo. Hata hivyo, kitu kimoja kimesalimika, nacho ni utambulisho wa fanani. Kichwa cha video hutaja mwimbaji, bendi na mara nyingi mwaka. Mtindo nao hujulikana: Msondo wa NUTA Jazz, Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora Jazz. Chini ya video, wasikilizaji hushindana kutaja nani alipiga gitaa la solo na nani alipuliza saksafoni. Makosa hutokea, kwa mfano wimbo wa Morogoro Jazz kupachikwa jina la Super Volcano. Makosa hayo hurekebishika kwa kuwa kuna jina la kubishania. Maoni hayo yanafanya kazi ya tanbihi katika matini iliyohaririwa, na kwa kiasi fulani yanairudisha hadhira iliyopotea.

Mkoa wa Mara nao umo katika ufufuo huu. Mara Jazz ya Musoma, iliyojulikana kwa mtindo wa Sensera, inatafutwa na kupatikana kwa njia ileile. Inapatikana kwa sababu iliimba kwa Kiswahili na kuingia katika mfumo wa redio ya taifa. Kwa msikilizaji wa Gorong'a, basi, sauti ya mkoa wake iliyohifadhiwa vizuri zaidi ni sauti ya mjini, katika lugha ya taifa.

4.0 Ritungu: Mwili Bila Jina

Ritungu, ambalo huandikwa pia litungu au iritungu, ni miongoni mwa ala kubwa za nyuzi katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Kisanduku chake cha sauti huwambwa ngozi, na mpigaji huketi, akapiga na kuimba mwenyewe. Kwa hiyo ni sanaa ya fanani mmoja anayetambulika, ingawa huzungukwa na waitikiaji na wachezaji. Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata.

Video za ritungu mtandaoni zina sifa ambazo zilipendwa hazina. Mpigaji anaonekana, vidole vinaonekana kwenye nyuzi, miguu ya wachezaji inaonekana ikigonga ardhi. Kwa upande wa tendo, video hizi ni tajiri kuliko rekodi yoyote ya redio. Umaskini wake umo katika maelezo. Vichwa vya kawaida ni vya aina ya "ngoma ya asili ya Wakuria" au "ritungu la Mara". Fanani hatajwi, wimbo hauna jina, mwaka na kijiji havipo. Aidha, tofauti za tahajia humfanya mtafutaji wa "ritungu" akose kilichoandikwa "litungu". Pale ambapo kipande kimekatwa kuwa kifupi ili kisambazwe kwa wepesi, kinachobakizwa ni kilele cha uchezaji, na kinachokatwa ni maneno. Mtazamaji asiyejua Kikuria hubaki akidhani kwamba wimbo haukuwa na la kusema.

Chanzo cha hali hii ni cha kihistoria. Mwezi Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na baadaye kikundi cha taifa cha ngoma kikakusanya ngoma za jamii mbalimbali na kuzipeleka jukwaani. Kama Askew (2002) anavyoonesha, mradi huo ulihitaji kila ngoma iwakilishe sehemu ya taifa. Katika mpangilio huo, jina lililohitajika lilikuwa la kabila, si la mtunzi. Redio nayo ilitangaza kwa Kiswahili, hivyo nyimbo za lugha za jamii zilipata nafasi zikiwa "ngoma za asili". Hata wachapishaji wa nje walifuata njia hiyo: santuri iliyotolewa Paris mwaka 1992 na Maison des Cultures du Monde ilibeba jina la nyimbo za Wagogo na Wakuria.

Neno "asili" ndilo kiini cha tatizo. Neno "zilipendwa" lina wakati ndani yake. Kiambishi -li- kinasema kuwa nyimbo hizo zilikuwa na siku zake, na kilichokuwa na siku zake kinaweza kusahauliwa na kukumbukwa tena. "Asili" haina wakati. Wimbo wa ritungu uliotungwa mwaka 1968 na ule uliotungwa mwaka 2015 huwekwa katika kapu moja, kana kwamba vyote vimekuwapo tangu mwanzo. Kwa hiyo ritungu haliwezi kufufuliwa katika utaratibu huu, kwa kuwa halikukubaliwa kwanza kuwa na historia.

Madhara yake si ya kinadharia tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi anayejulikana, na kwa utaratibu tofauti inalinda sanaa za jadi. Katika utaratibu huo wa pili, ruhusa ya matumizi ya kibiashara hutafutwa kwenye mamlaka iliyowekwa, si kwa msanii. Hivyo basi, jina linapoachwa katika kichwa cha video, wimbo wa mtu hai au wa marehemu mwenye warithi huanza kuonekana kama mali isiyo na mtunzi. Kuacha jina ni hatua ya kwanza ya kuihamisha haki.

5.0 Nyatiti kama Kipimo cha Ulinganishi

Inaweza kudaiwa kwamba hali ya ritungu inatokana na hulka ya muziki wa jadi, na kwamba mtandao hauwezi kufanya zaidi. Jirani wa ritungu anaupinga udai huo. Nyatiti ya Waluo nayo ni ala ya nyuzi nane, mpigaji wake nae huimba mwenyewe, na utendaji wake una pakruok, ambapo msikilizaji hulipa ili wimbo usimame ajisifu au awasifu wenzake kwa majina. Kwa upande wa Kenya, muziki huu uliingia katika soko la santuri na vipindi vya redio vya lugha za jamii ukiwa na majina ya wapigaji.

Ayub Ogada ni mfano wa wazi. Albamu yake ya En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993, na wimbo wake "Kothbiro" ukatumika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018 rekodi ya wimbo huohuo iliyofanywa na bendi ya Black Savage mwaka 1976 ilichukuliwa kama sampuli katika wimbo wa Kanye West, na watunzi, Ogada na James Mbarack Achieng, wakatajwa. Ogada alipofariki mwaka 2019, wasikilizaji wa mabara mbalimbali walijua ni nani wa kumlilia. Ala hizi mbili ni za ukanda mmoja na zina umbo la jamaa moja. Tofauti ya hatima zao imeletwa na soko, lugha ya utangazaji na mazoea ya kuandika jina.

6.0 Mipaka ya Kutaja

Hata hivyo, dai la kutaja majina halipaswi kuenezwa kwa nyimbo zote za Wakuria. Nyimbo za msimu wa saro, yaani tohara, ni za rika na jamii nzima. Kumtafutia kila mmoja wao mtunzi ni kulazimisha kipimo kigeni. Zaidi ya hapo, baadhi ya video za msimu huo zinaonesha sura za watoto. Ukeketaji wa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Video inayomwonesha msichana katika shamrashamra hizo inaweza kumfuata maisha yake yote, mbali na wakati na mahali vilivyoipa maana. Hapa ukimya wa jina ni ulinzi, na pengine kutosambaza kabisa ndiyo heshima. Mhakiki, basi, hana budi kutofautisha mtunzi aliyesimama mbele ya hadhira kwa hiari yake na mtoto aliyepigwa picha njiani.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa video za mtandaoni zimeokoa sauti na jina la fanani wa dansi lakini si mwili wake, na zimeokoa mwili wa fanani wa ritungu lakini si jina wala wakati wake. Pengo la kwanza haliwezi kuzibwa. Picha ambazo hazikupigwa kabla ya mwaka 1979 hazitapatikana. Pengo la pili bado linazibika, kwa kuwa wapo wanaokumbuka nani alipiga, wapi na katika shughuli gani. Kinachohitajika ni kidogo na kinajulikana: jina la mpigaji kwa idhini yake au ya warithi wake, jina la wimbo, kijiji, mwaka, aina ya shughuli, maneno ya Kikuria na tafsiri yake ya Kiswahili, pamoja na tahajia zote za jina la ala ili mtafutaji asipotee. Watafiti wa fasihi simulizi wanaorekodi Mara wana wajibu wa kuanza na rekodi zao wenyewe. Hadi hapo, msikilizaji wa Gorong'a ataendelea kumjua Mbaraka wa Morogoro kwa jina, huku mpigaji wa kijiji chake akipita mbele ya macho yake kama "ngoma ya asili".